Mapafu katika Tiba ya Wachina: Tuchukue Lipi, Tuache Lipi?

Katika safu yetu ya afya ya familia juma hili tunapenda kulizungumza jambo ambalo husemwa sana barazani, sokoni na hata nje ya misikiti baada ya swala, katika wilaya ya Kilosa, kuanzia Kilosa mjini na Kimamba hadi Mikumi. Nalo ni dawa za Kichina za kifua. Wako wanaozisifu hata wakapindukia, wakidai kuwa hakuna kikohozi kinachozishinda. Na wako wanaozikataa zote kwa neno moja, kwamba ni biashara tu. Sisi tunaona kuwa makundi haya mawili yote yamefanya haraka. Elimu yoyote huulizwa kwanza inasema nini, kisha hupimwa, na baada ya hapo ndipo mtu mwenye akili huchukua kilichothibiti na kukiacha kisichothibiti.

Kilosa na Mikumi zina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Hapa yapo mashamba ya mkonge na vumbi lake. Nyumba nyingi hupikia kuni na mkaa. Ipo barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya, ambayo malori yake hayalali. Na mahali penye kukohoa hapakosi washauri. Mtu hukohoa siku tatu tu, jirani amekwisha kumletea unga katika karatasi, na mchuuzi wa stendi amekwisha kumwonesha kopo lenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani anayeweza kuyasoma. Basi na tujue kwanza wenye tiba hiyo wenyewe wanasema nini.

Waziri wa mfalme

Katika kitabu kikongwe cha tiba ya Wachina kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa takriban miaka 2,000, mwili wa mwanadamu huelezwa kama dola. Moyo ndio mfalme, na mapafu ndiyo waziri wake, mwenye kuhakikisha kuwa amri zinafika kila jimbo kwa wakati na kwa mpangilio. Mapafu yamekaa juu ya viungo vingine vya ndani kama mwavuli. Na kwa kuwa ndiyo ya kwanza kukutana na hewa ya nje, Wachina huyahesabu kuwa kiungo laini, chepesi kudhurika kwa baridi, joto na ukavu.

Kazi yake kubwa, kwa mujibu wa tiba hiyo, ni kuisimamia chi, yaani ile nguvu ya uhai ambayo sehemu yake huingia mwilini kwa pumzi. Mapafu huisambaza nguvu hiyo kwenda nje hadi kwenye ngozi, na pia huishusha chini. Ikishindwa kushuka hurudi juu, na hapo mtu hukohoa au hushikwa na pumu. Mapafu pia hutazamwa kama msimamizi wa njia za maji ya mwili, na yanapolegea maji hukusanyika yakawa makohozi au uvimbe. Mlango wake ni pua, na sauti ya mtu ni ishara yake. Ngozi na vinyweleo viko chini ya ulinzi wake. Mwenzake wa jozi ni utumbo mpana. Msimu wake ni ule ambao majani hupukutika, na hisia yake ni huzuni. Tabibu wa Kichina akimwona mtu aliyefiwa, ambaye amekonda, sauti imefifia na pumzi ni fupi, husema huzuni imeyachosha mapafu.

Hata saa ya mapafu imepangwa: kuanzia saa 9 usiku hadi saa 11 alfajiri. Akina mama wenye watoto wa pumu watatabasamu kidogo hapa, kwani wanajua vizuri kwamba mtoto hubanwa zaidi wakati usiku unaelekea kwisha, kabla ya adhana ya alfajiri. Sayansi ya leo nayo imeliona jambo hilo. Katika saa hizo homoni zinazosaidia kutuliza uvimbe mwilini huwa zimepungua, na njia za hewa huwa nyembamba kuliko mchana. Maelezo ni tofauti, ila jicho lililotazama lilitazama vyema.

Neno moja, maana mbili

Sasa, ndugu msomaji, tunafika kwenye nukta ambayo tungependa uishike kuliko zote katika makala hii. Tabibu wa Kichina anaposema "mapafu", hana maana ileile aliyonayo daktari wa hospitali ya wilaya. Kwa daktari, mapafu ni viungo viwili vya nyama laini kifuani, la kulia lenye sehemu tatu na la kushoto lenye sehemu mbili, vinavyoonekana kwa picha ya eksirei. Kwa tabibu wa Kichina, mapafu ni jina la kundi la kazi na dalili: pumzi, jasho, pua, sauti, ngozi, makohozi na huzuni. Mtu mwenye ngozi kavu inayowasha, au asiyepata choo kwa siku tatu, anaweza kuambiwa kuwa mapafu yake yana kasoro, na eksirei yake ikawa safi kabisa.

Jambo hili si geni kwetu Waswahili. Tunaposema fulani ana moyo mgumu, hatumaanishi kwamba apelekwe kupimwa moyo. Tunaposema mtoto ni ini la mamaye, hatuzungumzii kiungo kinachotengeneza nyongo. Lugha yetu imevipa viungo vya mwili kazi ya kubeba tabia na hisia, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu sote tumelelewa ndani ya lugha hiyo. Lakini mgonjwa wa Kilosa hakulelewa ndani ya lugha ya tiba ya Wachina. Akiambiwa, "Mapafu yako sasa yamepata nguvu," yeye huelewa kuwa ugonjwa wa kifuani umekwisha. Kumbe aliyesema alikuwa anazungumzia mapigo ya mshipa mkononi na rangi ya ulimi.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Tuseme baba mmoja amekohoa kwa mwezi mzima, anatokwa na jasho usiku, na mwili unapungua. Amekunywa dawa ya mitishamba ya Kichina, kikohozi kimetulia kidogo, naye ameambiwa mapafu yana nguvu. Kumbe ana kifua kikuu. Analala chumba kimoja na mkewe na watoto wawili. Kila wiki anayoipoteza kwa kuridhika na neno asilolielewa ni wiki nyingine ya kuwaambukiza wale awapendao. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ni neno moja tu lililobeba maana mbili, na familia ikailipia.

Mapafu kama yalivyo

Mwenyezi Mungu ameyaumba mapafu kwa namna inayomshangaza kila anayetafakari. Ndani yake mna vifuko vidogo vya hewa vinavyokadiriwa kufika milioni 300. Lau kuta zake zingetandazwa chini kama mkeka, zingefunika eneo la takriban mita za mraba 70. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kwa siku moja idadi hiyo hufika karibu 20,000. Katika kila pumzi, hewa safi huvuka ukuta mwembamba na kuingia kwenye damu, na hewa chafu hutoka.

Na aliyekuwa wa kwanza kuieleza safari ya damu kupitia mapafu, kwa kadiri maandishi yaliyotufikia yanavyoonesha, alikuwa tabibu Mwislamu, Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo, akafariki mwaka 1288. Kabla yake watu walifuata kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwamba damu hupenya kutoka upande mmoja wa moyo hadi mwingine kupitia vitundu visivyoonekana. Katika sherehe aliyoiandika mwaka 1242 juu ya elimu ya viungo ya Ibn Sina, Ibn al-Nafis alikataa. Alisema ukuta wa moyo hauna vitundu. Damu hutoka upande wa kulia, huenda mapafuni, huchanganyika na hewa, kisha hurudi upande wa kushoto. Ulaya haikuandika jambo hilo ila baada ya miaka 300 na ushei. Maandishi yake yalisahauliwa hadi mwaka 1924, tabibu wa Kimisri Muhyi al-Din al-Tatawi alipoyagundua katika maktaba ya Berlin.

Tumemtaja Ibn al-Nafis kwa sababu ya somo, si kwa kujivuna. Alimheshimu Ibn Sina, akatumia miaka kumsherehesha, lakini hakuona haya kusema kuwa hapa wakubwa waliotangulia wamekosea. Kuheshimu elimu ya wazee hakumaanishi kuifunga milango ya kuipima.

Waislamu na Wachina: jamaa wa zamani

Wengine husema kuwa tiba ya Kichina ni jambo la kigeni kabisa kwa Waislamu. Historia haisemi hivyo. Ibn al-Nadim wa Baghdad aliandika katika karne ya 10 kisa cha mwanafunzi kutoka China aliyekaa na tabibu mkubwa al-Razi, akajifunza Kiarabu na kunakili vitabu vya Galen kabla ya kurejea kwao. Mwanzoni mwa karne ya 14, huko Tabriz, waziri na tabibu Rashid al-Din alisimamia kutafsiriwa kwa vitabu vya tiba vya Wachina katika Kiajemi, pamoja na elimu yao ya kusoma mapigo ya mshipa na michoro ya viungo vya ndani. Kwa upande wao, Wachina nao walikuwa na kitabu kikubwa cha dawa za Waislamu, kilichoandikwa Kichina huku majina ya dawa yakiwekwa pia kwa hati za Kiarabu. Elimu ilikwenda na kurudi, na kila upande ulichuja.

Hapa kwetu ujamaa huo una sura ya karibu zaidi. Timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina ilifika Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara ikaanza kupokea timu zake mwaka 1968. Baadhi yao walikuja na sindano zao nyembamba pamoja na dawa za hospitali. Kati ya mwaka 1970 na 1975 reli ya TAZARA ilijengwa, ikipita Kidatu, kusini mwa Mikumi, mahali ambapo hufika pia tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa. Mwaka 1987 ulianza ushirikiano wa utafiti wa dawa za asili za Kichina katika hospitali ya Muhimbili. Katika miaka ya 1990 zahanati binafsi za Kichina zikaenea Dar es Salaam, na kutoka huko dawa zake zikasafiri kwa basi na treni hadi kwetu.

Kilichothibiti na kilichodhuru

Tuanze na kilichothibiti. Kila mzazi wa Kilosa aliyewahi kumpa mtoto dawa mseto ya malaria, ile tunayoiita ALu, amekwisha kunufaika na hazina ya Wachina. Sehemu kubwa ya nguvu ya dawa hiyo hutokana na artemisinini, inayopatikana katika mmea ambao Wachina huuita qinghao. Mtafiti Tu Youyou alisoma katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, kwamba mmea huo uloweshwe na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Akang'amua kuwa moto ndio ulioharibu majaribio ya awali. Akatoa dawa kwa njia isiyohitaji joto kali, ikapimwa kwa wanyama, yeye mwenyewe na wenzake wakajitolea kuinywa, kisha ikajaribiwa kwa wagonjwa. Mwaka 2006 Tanzania ikaichagua dawa mseto badala ya SP, na mwaka 2015 mama huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Tazama njia iliyopitwa: kitabu cha kale kilitoa dokezo, kipimo kikatoa hukumu. Ndiyo maana hata leo wataalamu hawashauri mtu anywe chai ya majani ya mmea huo badala ya vidonge, kwani kipimo chake hakijulikani.

Katika maradhi ya kifua upo mmea uitwao ma huang, ambao Wachina wameutumia kwa pumu na kikohozi tangu enzi za kale. Mjapani Nagai alitoa ndani yake efedrini mwaka 1885, na katika miaka ya 1920 watafiti waliokuwa Beijing wakaitambulisha kwa madaktari wa dunia. Kwa miaka mingi ilitumika kama dawa ya pumu. Hivyo Wachina walikuwa na haki: mmea ule kweli hufungua njia za hewa. Lakini pia hupandisha shinikizo la damu na kuuendesha moyo mbio, na kwa sababu hiyo Marekani iliupiga marufuku katika virutubisho mwaka 2004. Mzee wa Mikumi mwenye shinikizo la damu, anayekunywa unga wa kifua asioujua, anaweza kuwa anafungua pumzi huku akiubebesha moyo mzigo usiostahimilika.

Kisha kiko kilichodhuru waziwazi. Tunda la mmea uitwao madouling lilitumika kwa karne nyingi kutuliza kikohozi. Baadaye ikathibitika kuwa mimea ya ukoo huo ina asidi inayoharibu figo na kusababisha saratani. Wachina wenyewe wakaliondoa tunda hilo katika kitabu chao rasmi cha dawa cha mwaka 2020. Tunawapongeza kwa hilo, na tunawaomba wale wanaosema "dawa ya asili haina madhara" wakitafakari kisa hiki. Jambo kuwa la asili, au kuwa la kale, si dhamana ya usalama.

Adui wa mapafu wa Kilosa na Mikumi

Tiba ya Wachina inasema kuwa mapafu ni laini na huumizwa na kinachotoka nje. Kauli hiyo tunaichukua kwa mikono miwili, maana kwetu adui anaonekana kwa macho.

Wa kwanza ni moshi wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni mama na mtoto aliyebebwa mgongoni. Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaokusudia kuzifikia asilimia 80 ya kaya ifikapo mwaka 2034. Lakini baba wa nyumba hana haja ya kusubiri mwaka huo. Kulihamishia jiko mahali penye hewa, kupasua tundu la moshi juu ya ukuta, kukausha kuni kabla ya kuzitia motoni na kumweka mtoto mbali na moto ni mambo ya juma hili. Na jiko la mkaa lisilazwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake haina harufu na imewaua watu usingizini.

Wa pili ni vumbi la mkonge. Utafiti uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu wafanyakazi wa mkonge wa Tanzania ulionesha kuwa wanaopiga nyuzi brashi ndio walioathirika zaidi kifuani. Dalili ya maradhi ya vumbi la nyuzi ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko. Mfanyakazi wa namna hiyo hata akinywa chungu kizima cha mitishamba hatapona ikiwa kesho anarudi kwenye vumbi lilelile. Anachohitaji ni hewa inayopita, barakoa inayofaa, kubadilishiwa kazi na kupimwa. Hayo ni haki ya mfanyakazi na amana juu ya mwajiri.

Wa tatu ni kifua kikuu. Nchi yetu ina historia ya kujivunia hapa, kwani mpango wa taifa ulioanza mwaka 1977 kwa msaada wa Dk. Karel Styblo ndio uliokuja kuwa kielelezo cha dunia nzima. Katika mkoa wetu huu wa Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ndicho makao ya panya buku waliofunzwa kunusa makohozi na kusaidia kuwabaini wagonjwa waliopitwa na hadubini, kisha maabara huthibitisha. Matibabu katika vituo vya serikali ni bure, na kwa kawaida huchukua miezi sita. Kinachotushinda ni kuchelewa na kuona haya.

Mizani ya familia

Basi tuiweke mizani wazi, ili kila nyumba iwe nayo.

Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, au akikohoa damu, au akitokwa na jasho usiku na kupungua mwili, aende akapimwe makohozi. Asianze na mitishamba ya Kichina, ya Kisagara wala ya Kiarabu. Akishapimwa na kujulikana ana nini, ndipo yazungumzwe mengine. Aliyeanza dawa za kifua kikuu asiziache kwa sababu kikohozi kimekwisha, wala kwa sababu ameambiwa mapafu yamepata nguvu.

Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au ukiona kifua chini ya mbavu kinabonyea anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, usingoje asubuhi. Hiyo huenda ni nimonia, nayo huua haraka. Chanjo za kinga yake, ikiwamo ile iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, zisiachwe.

Mwenye pumu asiiache dawa yake ya kuvuta kwa kuahidiwa tiba ya kudumu. Na kwa kuwa Ramadhani huja na maswali yake, amwulize daktari na mwanachuoni mapema, asijiamulie mwenyewe.

Anayetaka kutumia tiba ya Kichina kwa mafua, uchovu au maumivu madogo, aulize mambo manne. Je, mtoa tiba amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002? Je, dawa ina jina, viambato na tarehe kwa lugha inayosomeka? Je, inapatana na dawa nyingine anazotumia? Na je, mtoa tiba yuko tayari kumwambia aende hospitali? Asiyejua kusema "hili si langu" hafai kuaminiwa roho ya mtu.

Yapo pia mazuri ambayo hayana gharama wala hatari. Wachina humpa mwenye kikohozi kikavu matunda yenye maji na vinywaji vya uvuguvugu, nasi tunayo tangawizi na asali. Asali hutuliza kikohozi cha mafua, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Wamesema pua ni mlango wa mapafu, nasi kila siku twapandisha maji puani katika udhu. Aliyefanya hivyo kwa ukamilifu anajua jinsi vumbi la barabara ya Mikumi linavyotoka.

Huzuni na pumzi

Tumeliacha la mwisho makusudi. Wachina walipoiweka huzuni ndani ya mapafu, hawakuwa wanazungumzia kidudu wala eksirei. Walimwona mtu aliyefiwa akishusha pumzi ndefu, akilia hadi sauti ikakauka, akakosa hamu ya kula na kuishi. Nasi tunamwona mtu huyo katika mitaa yetu: mjane aliyemaliza eda na wageni wakaacha kuja, au kijana aliyerudi kutoka kumzika mama yake. Zaidi ya hao yupo mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye jamaa wamemtengea kikombe, majirani wamekwepa kuketi naye, na watu wameanza kunong'ona kuwa amerogwa au ana kingine.

Mgonjwa huyo ana maradhi mawili. La kwanza lina vidonge vyake kituoni. La pili dawa yake iko mikononi mwetu. Aliyeanza matibabu sahihi na kuyafuata hupungua kuambukiza katika muda mfupi, mara nyingi ndani ya majuma machache. Madirisha yafunguliwe, watoto wake wapelekwe kupimwa, na yeye ajuliwe hali. Jirani amkumbushe saa ya vidonge, shemeji ampeleke kliniki, imamu na mwalimu wa madrasa waseme hadharani kwamba huu ni ugonjwa unaotibika wala si aibu. Wako wanaoacha dawa katikati kwa sababu ya upweke.

Hivyo katika tiba ya Wachina tunachukua jicho lao la kumtazama mtu mzima pamoja na majonzi yake, tunachukua kila mmea uliopita katika kipimo ukathibiti, na tunaliacha neno lisilopimwa linapotaka kukaa mahali pa maabara. Ikiwa nyumbani kwako yupo anayekohoa wiki ya tatu sasa, usimalize gazeti hili kabla ya kupanga naye siku ya kwenda kupimwa, na umsindikize.